Nani kasema hii ndiyo kawaida?

Wadau, nimeadimika humu kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Rukwa, na siku mbili kati ya hizo nilikuwa Milepa, kule bondeni, ukishuka kutoka nyanda za juu za Ufipa kuelekea ziwani.

Nilikofikia kuna kijana wa miaka 16. Ukimwona utadhani yuko darasa la nne, na sauti yake bado ya kitoto. Bibi yake anaamini amefungwa. Baba yake anasema: "Ukoo wetu wote tunachelewa, ni kawaida." Nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nilifika kidato cha nne bweni zima likiniita Katoto. Nyumbani nako nilijibiwa hivyo hivyo: kawaida.

Neno hilo lina historia mbaya.

Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ulaya na Marekani walipowapasua watoto wachanga waliokufa ghafla, waliona thimasi zao ni kubwa mno. Hii ni tezi iliyo kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Kubwa kulinganisha na nini? Na zile walizozoea kuziona kwenye maiti za kufundishia. Maiti hizo nyingi zilikuwa za mafukara waliougua muda mrefu na kula vibaya, na dhiki ya namna hiyo huisinyaza thimasi. Basi tezi iliyosinyaa ikaitwa ya kawaida, na iliyo nzima ikaitwa ugonjwa! Maelfu ya watoto walipigwa mionzi ili ipungue, na miaka mingi baadaye baadhi yao wakapata saratani ya tezi ya shingo. Ni mwaka 1961 tu ambapo Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kazi yake: ni kiwanda cha askari wa kinga ya mwili.

Mtaniuliza, thimasi na kubalehe wapi na wapi?

Kubalehe huanzia kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha ovari au korodani. Timu za Andrew Schally na Roger Guillemin zilifumbua muundo wa homoni hiyo mwaka 1971, na mwaka 1977 wawili hao wakapata Nobel. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani na Ufaransa wakagundua kwamba kuna kemikali nyingine ya ubongo, kisipeptini, inayoisukuma itoke.

Lakini nani anauambia ubongo kwamba mwili uko tayari? Mmoja wa wajumbe ni leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, iliyogunduliwa na Jeffrey Friedman na wenzake mwaka 1994. Panya wasio na leptini hunenepa kupita kiasi, ila ubongo wao unaamini kuna njaa. Hawazai, na thimasi zao ni ndogo. Wakichomwa leptini, uzazi na thimasi hurejea.

Kumbe mjumbe ni mmoja. Chakula kikiwa duni na maradhi yakiandamana, mwili hubana matumizi: kinga hudhoofu, na kubalehe kunasubiri.

Sasa turudi Rukwa, moja ya mikoa minne iliyosifika kwa kulisha nchi mahindi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Ghala limejaa, sahani ina ugali mtupu! Nusu ya watoto wakiwa hivyo, nani atamwona mmoja na kushtuka?

Sisemi ukoo hauhusiki. Kuchelewa kwa kurithi kupo, na wengi huja kukua vizuri. Ila hata selimundu na VVU huchelewesha, na kwa macho huwezi kutofautisha. Msichana akifika miaka 13 bila dalili ya matiti, au mvulana akifika 14 korodani hazijaanza kukua, apelekwe hospitali.

Nilimweleza baba yule haya yote, pamoja na habari za bweni. Alicheka, kisha akauliza nauli ya kwenda Sumbawanga mjini ni shilingi ngapi.

Nami nikirudi nyumbani nimeacha kuuliza kwa nini ukoo wetu ni wafupi. Nauliza walikula nini.