Eastleigh na Hoteli Zake: Karne ya Wahamiaji Nairobi

Eastleigh, au Isli kama wakazi wa Nairobi wanavyouita, ni mtaa ulio mashariki mwa katikati ya jiji. Umezoeleka kuitwa Mogadishu Ndogo, na wengi hudhani historia yake ilianza na wakimbizi wa vita vya Somalia. Hoteli zake za chakula zinaeleza vingine. Karibu kila kinachopakuliwa humo kililetwa na kundi lake la watu, kwa wakati wake, na vyakula vya waliotangulia vilibaki hata wenyewe walipohama.

Mtaa uliundwa na serikali ya kikoloni mwaka 1921. Nairobi ya wakati huo iligawanywa kwa rangi: sehemu za juu, magharibi mwa mji, zilikuwa za Wazungu, na Eastleigh ikawa hasa makao ya Wahindi. Walijenga nyumba zenye duka upande wa barabarani na ua nyuma, ambamo familia iliishi na kupika. Chapati, bajia na chai ya maziwa iliyochemshwa kwa viungo, ambazo leo hakuna mkahawa wa Nairobi usiozijua, zilienezwa mjini kwa kiasi kikubwa na jamii hiyo.

Wasomali nao walikuwapo tangu mwanzo. Wengi wao walikuwa wa ukoo wa Isaaq kutoka Somalia ya Waingereza, waliofika Kenya wakiwa viongozi wa misafara, askari na wafanyabiashara wa mifugo. Kwa hiyo Msomali wa Eastleigh si mgeni wa juzi; wapo ambao babu zao walizikwa Nairobi kabla ya uhuru.

Baada ya uhuru wa 1963, Wahindi wengi walihamia Parklands na mitaa mingine, wengine wakaenda ng'ambo. Nyumba zao zilinunuliwa na Waafrika, hasa Wakikuyu, na vyumba vikapangishwa kwa watu waliotoka mashambani kutafuta kazi. Ugali, sukuma wiki na githeri vikaingia mtaani pamoja nao.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja Januari 1991, serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia ilipoanguka. Maelfu ya Wasomali walivuka mpaka. Wengine walipelekwa kambi za wakimbizi za Dadaab, wengine wakajipenyeza hadi Nairobi. Gesti ya Garissa Lodge inaonyesha yaliyofuata: wapangaji wake walianza kuuza bidhaa vyumbani mwao, kitanda kikiwa meza ya biashara mchana na malalo usiku, hadi jengo zima likawa soko. Maduka makubwa yaliyojengwa baadaye yalifuata mfano huo.

Hoteli zilikua sambamba na maduka. Mgeni aliyefika bila jamaa alipata humo habari za nyumbani, chumba cha kupanga na mtu wa kumdhamini. Dalali alikutana humo na mteja, na mali ikakabidhiwa kwa neno la mdomo.

Sahani yenyewe inabeba historia ndefu. Kwanza huletwa supu ya mbuzi na kipande cha ndimu. Kisha huja wali uliopikwa kwa bizari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu, juu yake nyama ya mbuzi au ya ngamia. Kando huwekwa ndizi mbivu, ambayo mlaji huimenya na kuila pamoja na wali, tonge kwa tonge. Asiyetaka wali huagiza spageti. Tambi hizo ni urithi wa Waitaliano, waliotawala kusini mwa Somalia hadi 1941, wakarudi kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960. Mashamba yao kando ya mito Juba na Shabelle yalizalisha ndizi za kuuza nje.

Maziwa ya ngamia hutoka Isiolo kwa basi, yakiwa kwenye madumu ya plastiki, na biashara hiyo imeshikwa zaidi na wanawake. Ladha yake ya moshi hutokana na desturi ya wafugaji ya kufukiza vyombo kwa kuni.

Waethiopia na Waeritrea waliokimbia vita na dhuluma za kisiasa, wakiwamo Waoromo wengi, walileta injera ya unga wa tefu, inayochachushwa kwa siku kadhaa, pamoja na kahawa inayokaangwa mbele ya mnywaji. Anjera ya Kisomali ni ndugu yake, lakini ni ndogo zaidi na huliwa hasa asubuhi kwa chai.

Mwaka 2014 hoteli zilipata pigo. Mwishoni mwa Machi milipuko ililenga sehemu za kula mtaani na kuua watu. Aprili ikaja operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, ambapo maelfu walikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo Wakenya wenye vitambulisho. Wateja walipungua na baadhi ya wafanyabiashara wakahama.

Biashara ilirudi hata hivyo. Leo Eastleigh huvuta wanunuzi wa jumla kutoka kote Kenya na nchi jirani, na hoteli zake huwalisha pamoja na wenyeji. Wasomali, Waoromo, Wakikuyu na Wameru wauza miraa huagiza chakula humo kwa Kiswahili.