Mkunga Ashukapo Baharini

Leo tutazame habari za mkunga, samaki afananaye na nyoka. Zamani Aristotle wa Uyunani alifundisha kuwa mkunga hutokana na matope, maana hakuona mayai yake. Mwaka 1896 Grassi na Calandruccio wa Italia walieleza kuwa vijisamaki vya baharini, vyembamba kama jani, ndivyo vigeukavyo mikunga. Mikunga wa mito yetu iendayo Bahari ya Hindi nao huzaliwa baharini. Mkunga akikomaa, tezi iliyo chini ya ubongo hutoa vichocheo: macho hukua, utumbo husinyaa, naye hali tena. Husafiri kwa nguvu ya mafuta ya mwilini. Akizaa, hufa.

Swali la kujadiliana: tukiziba mto mzima kwa uzio wa kuvulia, mzazi atashukia wapi, na mtoto apandie wapi?