Ningu na fwani, samaki wanaopanda mito kwa mvua za vuli

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kariobangi na Dandora, samaki si chakula cha wageni bali ni kitoweo cha kila siku. Jioni inapoingia, akina mama hukaanga ngege kando ya barabara, wengine huuza omena kwa kipimo cha mkebe, na mwenye pesa kidogo hujipatia mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya mnofu kukatwa viwandani.

Hata hivyo, wapo samaki wawili ambao wazee waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria huwataja mara kwa mara, lakini ambao vijana wa mitaa hii huenda hawajawahi kuwaonja. Hao ni ningu na fwani, samaki wa mtoni ambao msimu wao hufika mvua inaponyesha.

Historia ya samaki hao wawili ni muhimu kwa mlaji wa Nairobi. Inaonyesha jinsi samaki aliyekuwa tele alivyoweza kupungua katika muda wa kizazi kimoja, na kwamba aliangamizwa hasa kwa kuvuliwa wakati ambapo alipaswa kuachwa apite.

Samaki wa ukoo mmoja

Ningu, ambaye jina lake la kisayansi ni Labeo victorianus, hupatikana kiasili katika bonde la Ziwa Victoria na maji yanayoungana nalo. Ni samaki mwembamba kiasi, mwenye rangi ya kijani iliyochanganyika na hudhurungi. Mdomo wake uko upande wa chini, na midomo yake ni minene kwa kuwa hujilisha kwa kukwangua mwani na uchafu laini unaoshikamana na mawe au kutua kwenye tope. Ningu wengi hawazidi urefu wa sentimita 30, ingawa wachache hufikia sentimita 40 hivi.

Fwani, ambaye wanasayansi humwita Labeobarbus altianalis, ni wa ukoo huohuo lakini ni mkubwa zaidi. Anaweza kukua hadi kukaribia urefu wa mita moja. Magamba yake ni makubwa na yana mng'ao wa shaba, na pembeni mwa mdomo ana jozi mbili za sharubu fupi. Chakula chake ni cha aina nyingi: wadudu wa majini, konokono, mimea na hata samaki wadogo.

Wote wawili wana vijifupa vingi vyembamba ndani ya mnofu. Kwa sababu hiyo, mlaji hana budi kula polepole, na wapishi wengi hupendelea kuwachemsha kwa muda mrefu au kuwakausha kabla ya kuwapika.

Safari ya kutaga mayai

Kenya ina misimu miwili mikuu ya mvua: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Katika misimu yote miwili, mito inayomimina maji yake katika Ziwa Victoria hufurika. Miongoni mwa mito hiyo ni Sio, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Kuja na Mara.

Maji hayo mapya, yenye tope na ubaridi, ndiyo ishara ambayo ningu huisubiri. Samaki waliokomaa hukusanyika karibu na milango ya mito, kisha hupanda kwa makundi wakipingana na mkondo. Ningu hutafuta mahali ambapo mto umefurika na kufunika nyasi za kandokando, na hapo majike hutaga mayai. Vifaranga hukua katika maji hayo ya kina kifupi, yenye chakula kingi na maadui wachache. Mafuriko yanapopungua, hurudi mtoni na hatimaye ziwani.

Fwani pia hupanda mito wakati wa mvua, ingawa baadhi yao huishi mtoni mwaka mzima. Mtafiti P.J.P. Whitehead, katika makala aliyoichapisha mwaka 1959 kuhusu samaki wa Ziwa Victoria wanaopanda mito, aliwahesabu ningu na fwani miongoni mwa wanaosafiri mbali zaidi, tofauti na wale wanaoishia karibu na mlango wa mto.

Tabia hiyo ndiyo iliyowafanya samaki hao kuwa rahisi kuvuliwa. Mvuvi hakuhitaji kuwatafuta ziwani. Alihitaji tu kujua siku ambayo mto ungebadilika rangi.

Migono na uzio

Kabla ya nyavu za kisasa, jamii zinazoishi kandokando ya mito, wakiwemo Waluo na Waluhya, zilivua kwa migono iliyosukwa kwa matete na fito. Uzio wa miti ulijengwa kukata mto, na katika nafasi zilizoachwa mgono uliwekwa, samaki akaingia bila kuweza kutoka.

Uvuvi huo ulikuwa na mipaka yake. Uzio haukuweza kuhimili mafuriko makubwa, na maji yalipopanda juu yake samaki wengi walipita. Aidha, migono ilikuwa mali ya familia au kundi lililojulikana, na haikuwa rahisi kwa mgeni kuja na kuvua apendavyo. Sehemu ya samaki ililiwa siku hiyohiyo, na iliyobaki ilipasuliwa na kuanikwa juani au kukaushwa kwa moshi.

Reli, nyavu na soko la Nairobi

Mambo yalianza kubadilika reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Miaka minne baadaye, mwaka 1905, nyavu za kunasa samaki kwenye matamvua ziliingizwa katika Ziwa Victoria. Mavuno yaliongezeka, na treni ikatoa njia ya kuyafikisha kwenye miji iliyokuwa ikikua, Nairobi ikiwa mstari wa mbele.

Samaki wa kwanza kuathirika alikuwa ngege. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, upungufu wake ulikuwa umeitia hofu serikali ya kikoloni kiasi cha kuagiza uchunguzi wa ziwa zima, ulioongozwa na Michael Graham mnamo 1927 na 1928. Mapendekezo yake yalikuwa pamoja na kuzuia nyavu zenye matundu ya chini ya inchi tano.

Wakati huohuo, mitaa ya Waafrika ilikuwa ikipanuka mashariki mwa Nairobi. Makongeni ilikuwa makao ya wafanyakazi wa reli, nayo Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940. Wengi wa waliohamia humo walitoka Nyanza na Magharibi, na hawakuacha mapishi yao nyumbani. Mahitaji ya samaki jijini yakawa sehemu ya uchumi wa ziwa.

Katika miaka ya 1950 zamu ya ningu ilifika. Kwa kuwa ngege walikuwa wamepungua, wavuvi waligeukia nyavu za matundu madogo zilizomfaa ningu, wakazitega kwenye milango ya mito wakati wa mvua. Nyavu za nailoni, ambazo haziozi upesi kama zile za pamba, ziliongeza kasi hiyo. Samaki walinaswa wakiwa na mayai, kabla hata ya kuingia mtoni.

Matokeo yaliandikwa na D.A. Cadwalladr mwaka 1965, katika ripoti kuhusu kupungua kwa ningu na kudorora kwa mbinu za asili za uvuvi kwenye mto Nzoia. Migono ilikosa samaki si kwa sababu watu wa mtoni walikuwa wamevua kupita kiasi, bali kwa sababu samaki hawakuwafikia tena.

Kuingizwa kwa mbuta ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuliongeza tatizo. Mbuta ni mla samaki wenzake, na alipoongezeka kwa wingi katika miaka ya 1980, spishi nyingi za kienyeji zilipungua au kutoweka. Lakini ningu alikuwa amekwisha kudhoofika hata kabla ya hapo.

Vizuizi vipya

Siku hizi nyavu si kizuizi cha pekee. Mto Nzoia, wenye urefu wa takriban kilomita 257, una matuta huko Budalang'i yaliyojengwa ili kuwakinga wakazi dhidi ya mafuriko. Matuta hayo ni ya lazima kwa uhai wa watu na mashamba yao, lakini pia huyazuia maji kuenea kwenye nyasi ambako ningu angetaga.

Kwenye mto Sondu-Miriu, maji huelekezwa kwenye mtambo wa umeme wa megawati 60. Kizuizi cha aina hiyo hubadilisha mkondo ambao samaki wanaopanda huutegemea. Huko Yala, sehemu ya kinamasi ilikaushwa tangu miaka ya 1960 ili kupata mashamba. Isitoshe, ukataji wa miti na kilimo cha hadi ukingoni hujaza mito udongo unaofunika mawe yenye mwani ambao ningu hula.

Mito ya Eastlands yenyewe

Huenda msomaji akauliza kama samaki hawa wanaweza kupatikana katika mito inayopita mlangoni mwake. Jibu ni la. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong, ambayo hupita Eastlands na kuungana mashariki mwa jiji, haielekei Ziwa Victoria. Maji yake huingia mto Athi, ambao chini zaidi huitwa Galana na kisha Sabaki, na kumwagika katika Bahari Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Ningu hajawahi kuwa wa bonde hilo.

Bonde la Athi lina samaki wake, wakiwemo kambare, perege na mikunga. Lakini katika sehemu inayopita Gikomba, Korogocho, Dandora na Njiru, mito hii hubeba maji taka ya nyumba na viwanda, pamoja na takataka za jaa la Dandora. Uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, uliotolewa mwaka 2007, uligundua madini ya risasi kwa kiwango cha kutisha katika udongo wa jaa hilo. Kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo.

Samaki aliyevuliwa katika maji ya namna hiyo hafai kuliwa, kwani madini mazito hujilimbikiza mwilini mwake na hayaondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Juhudi za kuisafisha mito ya Nairobi zimetangazwa mara kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mradi mwingine ukazinduliwa Machi 2025.

Namna ya kuwatambua sokoni

Katika soko la Gikomba, ambako samaki wengi wanaouzwa Eastlands hupitia, ningu au fwani anaweza kuonekana mara chache, hasa akiwa amekaushwa. Mnunuzi aangalie mdomo. Mdomo wa ningu unaelekea chini na una midomo minene, ilhali fwani ana sharubu nne na magamba makubwa. Ngege hutambulika kwa miba migumu kwenye pezi la mgongoni, ambayo ningu hana. Kambare hana magamba kabisa.

Mnunuzi akikuta jike lililojaa mayai, ajue kwamba samaki huyo alinaswa akiwa safarini.

Kinachoweza kufanywa

Nchi nyingine zimekumbana na suala hili. Katika mito ya Marekani na Kanada, wavuvi huwasubiri samaki wawili wa ukoo mmoja, walleye na sauger, majira ya joto yanapokwisha na maji kuanza kupoa. Huko majimbo huweka idadi ya samaki ambayo mtu anaruhusiwa kuchukua kwa siku, na vifaranga wa walleye huzalishwa na kupandikizwa katika maziwa na mito.

Kenya nayo ina msingi wa kuanzia. Makokoro ya kuvuta ufuoni yalipigwa marufuku mwaka 2001, na uvuvi wa omena umekuwa ukifungwa kwa miezi kadhaa kuanzia Aprili ili samaki wazaane. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 inatoa nafasi ya kuyalinda maeneo ya mazalio. Hali kadhalika, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, imekuwa ikishughulikia uzalishaji wa ningu katika kituo chake cha Kegati, kaunti ya Kisii. Watafiti wa Uganda pia wameonyesha kwamba ningu anaweza kutagishwa mayai nje ya mto.

Mabwawa ya ufugaji yanaweza kumrejesha ningu sahanini, lakini hayawezi kumrejesha mtoni. Jambo hilo linahitaji milango ya mito iachwe bila nyavu wakati wa masika na vuli, na sehemu za nyasi zinazofurika zisigeuzwe zote kuwa mashamba.

Gharama ya hatua hiyo itawaangukia kwanza wavuvi wa Budalang'i na Sondu, ambao wiki chache za mvua huwa ndizo zenye mapato ya haraka. Ndiyo maana ulinzi wa milango ya mito hauwezi kufanikiwa kwa amri peke yake. Mvuvi anayeombwa kuondoa wavu wake Oktoba ana haki ya kujua familia yake itakula nini hadi Desemba.