Hesabu Isiyosafiri: Vikinza Badilifu, Mitandao ya Neva Bandia na Umeme wa Unguja

Utangulizi

Mjadala wa akili unde katika Afrika Mashariki umejikita zaidi katika lugha, ajira na sera, na ni nadra kugusa suala la umeme, yaani hesabu za mitandao ya neva bandia hula nishati kiasi gani na nishati hiyo huishia wapi. Kwa Unguja suala hilo ni zito. Kisiwa hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Hitilafu ya mwaka 2008 ilikiacha kisiwa bila umeme kwa takriban mwezi mmoja, na nyingine ikakitia gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kabla ya waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, kuzinduliwa mwaka 2013. Makala hii inatoa hoja kwamba udhaifu wa aina hiyo, wa kutegemea njia moja nyembamba kati ya ghala na mtumiaji, umo pia ndani ya kompyuta ya kawaida, na kwamba thamani kuu ya vikinza badilifu, yaani vifaa vya umeme vinavyoweza kubadilishwa ukinzani, ni kuiondoa safari ya namba kati ya kumbukumbu na prosesa.

Gharama iliyomo njiani

Mtandao wa neva bandia ni mfumo wa hesabu unaopokea namba nyingi, kwa mfano mwanga wa kila nukta ya picha, ukazidisha kila namba kwa kipimo kiitwacho uzito, kisha ukajumlisha mazao yote ili kutoa uamuzi. Tendo hilo ni jepesi, ila hurudiwa mara mamilioni. Katika kompyuta ya dijitali uzito wote huo hukaa katika kumbukumbu, na prosesa hulazimika kuuchota kila unapohitajika. Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mwaka 2014 kwamba, kwa chipu za nanomita 45, kuzidisha namba mbili za biti 32 hutumia takriban pikojouli 4 (pikojouli ni sehemu moja ya trilioni ya jouli), ilhali kuileta namba moja ya ukubwa huo kutoka kumbukumbu ya nje hutumia takriban 640. Mchukuzi, kwa maneno mengine, analipwa mara mia moja na sitini ya ujira wa mhasibu.

Kikinza kama uzito

Kikinza, ambacho mafundi hukiita resista, ni kifaa kinachozuia kwa kiasi fulani mkondo wa umeme, na kiasi hicho ndicho ukinzani wake. Kwa kanuni ya Ohm, mkondo ni volti zilizogawanywa kwa ukinzani, na kugawanya kwa ukinzani ni sawa na kuzidisha kwa kinyume chake, ambacho ndicho uzito. Kwa kanuni ya Kirchhoff, mikondo inayokutana penye waya mmoja hujijumlisha yenyewe. Tuseme volti 0.2, 0.5 na 0.1 zimepitishwa katika vikinza vya kiloomu 1, 2 na 5, na ncha za pili za vikinza hivyo zimeunganishwa pamoja katika waya uliowekwa kwenye volti sifuri. Mikondo itakuwa miliampea 0.2, 0.25 na 0.02, na waya wa pamoja utabeba miliampea 0.47. Kuzidisha na kujumlisha kumekwisha kufanyika, pale pale uzito ulipohifadhiwa, bila namba yoyote kuchotwa. Nyaya za ulalo zikipishana na za wima, na kila makutano yakawekewa kikinza, wavu mzima hutoa majibu yote kwa pamoja. Uzito hasi hupatikana kwa kutumia vikinza viwili na kutoa mkondo wa kimoja katika wa mwenzake.

Lililobaki ni kukifanya kikinza kiweze kujifunza, yaani kibadilishwe ukinzani kisha kiukumbuke. Mashine ya Mark I Perceptron ya Frank Rosenblatt, iliyoundwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitumia potenshiometa, yaani vikinza badilifu vya kuzungusha, zilizozungushwa na mota. Potenshiometa ni kifaa cha jamii moja na kile kinachopandisha na kushusha sauti ya redio, ambacho fundi wa Mwanakwerekwe, Unguja, hukifungua na kukisafisha kinapoanza kukwaruza. Mwaka 1960 Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff walibuni kifaa walichokiita memista, ambamo shaba iliongezwa au kupunguzwa juu ya risasi ya penseli kwa njia ya umeme. Historia ikageuka hapo: Hoff alijiunga na Intel na kushiriki kubuni prosesa ya 4004, iliyotangazwa mwaka 1971, ambayo iliusukuma ulimwengu upande wa dijitali. Mwaka huo huo Leon Chua alieleza kinadharia kifaa chenye ukinzani unaotegemea umeme uliokwishapita ndani yake, akakiita memrista. Maabara ya HP ilitangaza mwaka 2008 kukipata katika utando mwembamba wa oksidi ya titani, ingawa wapo wataalamu wanaobisha iwapo ndicho hasa alichokieleza Chua.

Pishi na punje

Pingamizi kubwa dhidi ya hesabu za aina hii ni kwamba hazina usahihi. Ukinzani hubadilika kwa joto, huhama polepole kadiri siku zinavyopita, na hautoki sawasawa katika vifaa viwili vya kiwanda kimoja. Isitoshe, nyaya ndefu za wavu zina ukinzani wao, na kuubadili mkondo kuwa namba za dijitali hula sehemu kubwa ya nishati iliyookolewa. Haba na haba hujaza kibaba, na makosa nayo hujumlika katika waya ule ule unaojumlisha majibu.

Pingamizi hilo ni la kweli, lakini uzito wake unategemea kazi inayokusudiwa. Anayenunua mchele kwa pishi, yaani vibaba vinne, hapati idadi kamili ya punje wala haihitaji, kwa kuwa biashara yake inavumilia tofauti ya punje chache. Mwenye benki hawezi kuvumilia tofauti ya shilingi moja katika daftari. Mitandao ya neva bandia iko upande wa pishi. Programu ya Nuru, inayotambua batobato na michirizi kahawia katika majani ya muhogo kwa kamera ya simu bila intaneti, na ambayo msingi wake ni utafiti uliotumia picha zilizopigwa mashambani Tanzania, huhitaji kujua ni ugonjwa upi unaoelekea zaidi, na kosa dogo katika uzito mmoja aghalabu haliugeuzi uamuzi. Nuru hutumia chipu za dijitali za simu; hata hivyo ni mfano wa kazi ambayo hesabu ya kukadiria ingeiweza, pale pale shambani, kwa betri ndogo.

Hitimisho

Haifuati kutokana na hayo kwamba Zanzibar ikimbilie kununua chipu za vikinza badilifu ambazo hata nchi zilizozibuni hazijazieneza. Linalofuata ni dogo zaidi na linawezekana leo. Bweleo, tangu mwaka 2023, kuna kampasi ya IIT Madras inayofundisha sayansi ya data na akili unde. Mbweni kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, inayofundisha ufundi wa umeme. Taaluma hizi mbili zikitenganishwa, mwanafunzi wa kwanza atauona uzito kuwa namba tu, na wa pili atakiona kikinza kuwa kipuri tu. Zikikutanishwa, potenshiometa kadhaa zilizotolewa katika redio mbovu, betri na mita ya volti na mkondo zinatosha kuionyesha mezani ile miliampea 0.47, kisha kuonyesha inavyoyumba kidogo vikinza vinapopashwa joto. Atakayeliona hilo kwa macho ataweza, chipu hizo zitakapoletwa kisiwani, kumuuliza muuzaji nishati inapotea wapi na kosa linavumilika kiasi gani.