Ngoma ya Ujima: Jinsi Umma Ulivyokusanya Maarifa ya Jeni za Binadamu, 1949–2019

Katika vijiji vya Buganda nilikokulia, kuna siku ambapo ngoma hupigwa asubuhi na kila kaya hutoa angalau mtu mmoja mwenye jembe au panga. Mdundo wa ngoma hiyo hufasiriwa na wazee kuwa unasema, "Sitaki kuona mtu amelala." Watu husafisha chemchemi, hufukia mashimo ya barabara, kisha hurudi makwao. Kwa Kiganda kazi hiyo huitwa bulungi bwansi, yaani uzuri wa nchi. Kwa Kiswahili tuna neno la zamani la ujima. Kesho yake anayekuja na ndoo kisimani haulizwi kama jana alikuwepo. Maji ni ya wote.

Insha hii inahusu ujima wa aina nyingine: kazi ya miaka sabini ya kukusanya maarifa kuhusu jeni na protini za mwili wa binadamu na kuyaweka mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma. Hoja yangu ni kwamba maarifa hayo hayakuwa ya umma kwa bahati nzuri tu. Karibu katika kila hatua kulikuwa na mlango ambao ungeweza kufungwa, na kuna watu walioamua kuuacha wazi. Hata hivyo, wapo waliotoa kitu cha kwanza kabisa katika kazi hii, yaani damu yao, ambao mpaka leo hawajaitwa kuja kuchota.

Tuanze na maana. Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazofanya kazi nyingi za mwili. Himoglobini, kwa mfano, ni protini inayobeba oksijeni katika damu. Ikiwa herufi moja tu katika jeni iitwayo HBB imebadilika, himoglobini nayo hubadilika, na mtoto aliyerithi badiliko hilo kutoka pande zote mbili hupata ugonjwa wa selimundu.

Mwaka 1949 una nafasi ya pekee katika historia ya ugonjwa huu. Huko Marekani, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya watu wengine. Mwaka huohuo James Neel alieleza kwamba mgonjwa hurithi ugonjwa kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama wazazi hao wenyewe ni wazima. Na hapa Uganda, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya upimaji wa damu katika makabila mbalimbali. Miongoni mwa Baamba, karibu na mpaka wa Kongo, walikuta takriban asilimia 45 ya watu wana chembe za selimundu bila kuugua.

Kwa nini jeni yenye madhara ienee kiasi hicho? Jibu lilitolewa na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya kupima watoto 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya kuzunguka Kampala. Watoto 43 walikuwa na chembe za selimundu. Kati yao 12, yaani asilimia 28, walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 waliosalia, 113 walikuwa na vimelea, yaani asilimia 46. Anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Huu ni mmoja wa mifano inayofundishwa sana duniani kuonyesha jinsi mazingira yanavyochagua jeni za binadamu, na msingi wake ni matone ya damu ya watoto wetu. Nawaomba wasomaji wawakumbuke watoto hao 290, kwa sababu tutarudi kwao.

Katika miaka ya 1960 maarifa kuhusu protini yalikuwa yametawanyika katika majarida mengi. Aliyeyakusanya ni Margaret Dayhoff, mwanasayansi wa Maryland, Marekani. Yeye na wenzake walipekua majarida, waliwaandikia watafiti barua, na mwaka 1965 wakatoa kitabu chenye mpangilio wa protini 65. Kazi yao ilikuwa ya thamani kubwa, lakini ilizua manung'uniko. Ili kulipia gharama, mkusanyo huo uliuzwa, na baadhi ya watafiti walilalamika kwamba wao hutoa data bure kisha wanatakiwa kuinunua. Mwaka 1982, serikali ya Marekani ilipotaka kuanzisha hifadhi ya taifa ya mpangilio wa DNA, iliyopewa jina la GenBank, haikumpa Dayhoff kazi hiyo. Iliwapa watu wa Los Alamos wakiongozwa na Walter Goad. Moja ya sababu ambazo wanahistoria wanataja ni kwamba watu wa Los Alamos waliahidi hifadhi iliyo wazi kwa wote. Dayhoff alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 57. Kisa chake si cha mtu mbaya. Kinatufundisha kwamba mtu hutoa kwa moyo anapoamini kuwa alichotoa hakitafungiwa.

Mlango wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Mradi wa kusoma DNA yote ya binadamu ulipokuwa ukiendelea, viongozi wake walikutana katika kisiwa cha Bermuda mwezi Februari 1996. John Sulston wa Uingereza na Robert Waterston wa Marekani waliongoza makubaliano kwamba kila kipande kilichosomwa chenye urefu wa herufi zaidi ya 1,000 kiwekwe hadharani, ikiwezekana ndani ya saa 24. Miaka miwili baadaye kampuni ya Celera, chini ya Craig Venter, ilitangaza kwamba ingesoma jenomu haraka zaidi, na mpango wake ulikuwa kuuza ruhusa ya kutumia data yake. Wengi walihofia kwamba kampuni ingemaliza kwanza.

Mradi wa umma ulikuwa na vipande vingi mno bila programu nzuri ya kuviunganisha. James Kent, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliandika programu hiyo kwa muda wa takriban wiki nne. Kazi ilikamilika siku chache kabla ya tangazo la White House la tarehe 26 Juni 2000, na tarehe 7 Julai jenomu iliyounganishwa iliwekwa kwenye intaneti bila malipo. Sisi wanafunzi tunaoambiwa kila mara kwamba zamu yetu bado, tuna la kujifunza hapo.

Lakini jenomu hiyo ilikuwa ya nani? Mwaka 1997 watafiti walitangaza katika gazeti la mji wa Buffalo, New York, wakiomba watu wajitolee damu. Waliojitokeza walipewa namba badala ya majina, na karibu asilimia 70 ya mpangilio uliotokana na mradi wa umma ni wa mtu mmoja miongoni mwao. Hajulikani ni nani.

Kuwa na herufi zote hakukuwa sawa na kuelewa. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zenye maagizo ya protini, na makala za kitaalamu kuhusu jeni hizo ni nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kusoma. Mwaka 2008 Andrew Su na wenzake huko San Diego walikuja na wazo rahisi: badala ya kuajiri wataalamu wachache waandike muhtasari wa kila jeni, waiachie dunia nzima iandike ndani ya Wikipedia. Mradi huo uliitwa Gene Wiki. Walitengeneza roboti ya kompyuta iliyofungua kurasa fupi kwa maelfu ya jeni, kila moja ikiwa na jina la jeni, mahali ilipo kwenye kromosomu na viungo vya kanzidata kubwa. Katika Wikipedia ya Kiswahili makala fupi ya namna hiyo huitwa mbegu, na neno hilo linafaa sana hapa. Roboti ilipanda, watu wakapalilia. Kufikia mwaka 2011 kurasa hizo zilikuwa zaidi ya 10,000.

Pingamizi zilikuwepo. La kwanza lilihusu usahihi: je, mtu yeyote aruhusiwe kuandika juu ya jeni ya saratani? Jarida la Nature lilikuwa limelinganisha makala 42 za sayansi mwaka 2005 na kukuta makosa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia na matatu kwa kila makala ya Britannica. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko wengi walivyotarajia, lakini ilikuwepo. La pili lilihusu motisha. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala za majarida, hapandishwi kwa kurekebisha ukurasa usio na jina lake. Suluhisho moja lilikuwa kushirikiana na jarida la Gene, ili mtaalamu aandike mapitio kuhusu jeni fulani jaridani na wakati huohuo aboreshe ukurasa wake katika Wikipedia. Hivyo alipata sifa, na umma ukapata maarifa.

Mwaka huohuo wa 2008, Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle kilianzisha Foldit, mchezo wa kompyuta ambamo wachezaji hukunja protini kwenye skrini wakitafuta umbo lake sahihi. Mwaka 2011 wachezaji walisaidia kupata umbo la kimeng'enya cha kirusi kinachosababisha ugonjwa unaofanana na UKIMWI kwa nyani, umbo ambalo watafiti walikuwa wamelitafuta kwa zaidi ya miaka kumi. Wachezaji walitumia kama wiki tatu. Protini hiyo haikuwa ya binadamu, lakini jambo muhimu kwa historia yetu ni kwamba vikundi vya wachezaji viliorodheshwa miongoni mwa waandishi wa makala iliyochapishwa. Umati ulipata jina.

Sasa turudi kwa watoto 290. Sidai kwamba majina yao yangechapishwa. Siri ya mgonjwa ni haki yake, na mtu wa Buffalo naye amefichwa kwa sababu hiyohiyo. Ninachouliza ni kama maarifa yaliyotokana nao yaliwarudia. Mwenye kuhifadhi data alipata hifadhi iliyo wazi. Mwandishi wa makala alipata sifa. Mchezaji alipata jina. Mtoa damu alipata nini?

Swali hili si la zamani tu. Katika eneo la Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, wakazi wamekuwa wakishiriki utafiti wa afya tangu mwaka 1989. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa jeni za takriban watu 6,400 wa eneo hilo, karibu 2,000 kati yao wakiwa wamesomwa jenomu nzima. Jambo moja lililoonekana ni kwamba upungufu fulani katika jeni za himoglobini, ambao ni wa kawaida kwa watu wetu, unahusiana na matokeo ya HbA1c, kipimo kinachotumiwa kuchunguza kisukari. Kwa maneno mengine, kipimo hicho kinaweza kutoa picha isiyo sahihi kwa baadhi ya watu waliotoa damu hiyo. Makala ile iliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Kyamulibwa anayepimwa kisukari leo angenufaika sana kuisikia kwa lugha anayoijua.

Naandika haya nikimfikiria shangazi yangu. Alizaa watoto wawili wenye selimundu, na kwa miaka mingi alisemwa na ndugu wa mumewe kwamba ugonjwa umetoka kwake peke yake. Alikubali lawama hiyo kwa kuwa hakuwa na la kujibu. Jibu lilikuwepo tangu 1949: mtoto hurithi kutoka kwa baba na mama. Lilikuwa la umma, limechapishwa, halijafungiwa na kampuni yoyote. Ila kati yake na jikoni kwa shangazi palikuwa na lugha, na hakuna mtu aliyelivusha.

Kwa hiyo naona historia hii bado ina mlango mmoja. Bermuda ilifungua data, Gene Wiki ikafungua maelezo. Baadaye taarifa za msingi za jeni za binadamu zilipelekwa katika Wikidata, kanzidata iliyoanzishwa mwaka 2012 na ambayo lugha yoyote inaweza kuchota humo. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003. Vifaa vipo. Kinachohitajika ni watu wanaojua lugha kukaa na watu wanaojua biolojia, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Umati nao huenda kule ambako tayari kuna watu: jeni maarufu kama TP53, inayohusika na saratani, zimeandikwa sana, na nyingi nyingine zimebaki mbegu. Hatuwezi kutegemea kwamba mtu wa mbali atachagua kuanza na HBB kwa Kiswahili. Hiyo ni chemchemi ya kijiji chetu.

Mimi si mwanabiolojia. Nasoma Kiswahili, na mara nyingi nimeulizwa nitafanya nini nacho. Jibu langu la kwanza ni hili: kueleza kwa aya tano sahihi, zilizokaguliwa na mwenzangu wa sayansi, jinsi selimundu inavyorithiwa, kisha kumsomea shangazi kabla ya kuziweka hadharani. Asipoelewa, nitaandika upya.