Kuanguka Nako Hufundishwa

Anayeanza judo hafundishwi kwanza kumwangusha mwenzake. Hufundishwa kuanguka yeye. Huchuchumaa mkekani, hukunja kidevu mpaka macho yaone fundo la mkanda wake, kisha hujibwaga chali huku viganja vikiupiga mkeka kwa pamoja. Paa! Anainuka, anarudia. Wajapani huiita ukemi, na katika mchezo huu aliouasisi Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, hakuna aonaye haya kuirudia, hata mwenye mkanda mweusi.

Sisi wa baiskeli tulifundishwa nini? Mimi nilijifunzia Phoenix ya baba mdogo, mguu mmoja nimeupenyeza chini ya bomba kwa kuwa siti sikuifikia. Somo la kuanguka lilikuwa kicheko cha wenzangu na maji ya chumvi kwenye goti. Tulihesabiana makovu, basi.

Ndiyo maana mwili usiofundwa hurudia kosa lile lile: hunyoosha mkono kuipokea ardhi. Kishindo chote huingilia kiganjani, hupanda mkono mzima hadi begani, na kinachovunjika ni kifundo cha mkono au mtulinga. Waendesha baiskeli wa mashindano wanaujua mtulinga kuliko mfupa mwingine wowote.

Askari wa miavuli wana jibu lao. Mtu anayeshuka kwa mwavuli wa duara hufika chini kwa mwendo wa mita 6 hivi kwa sekunde, sawa na kuruka kutoka ukuta unaokaribia mita 2. Hivyo hubana miguu pamoja, hulegeza magoti, kisha huigawia ardhi mwili kwa zamu: nyayo, shavu la mguu, paja, tako, ubavu wa mgongo. Ni wazo lile lile la judo, kishindo kisimezwe na mfupa mmoja. Ila askari huiona ardhi ikimjia. Wa baiskeli, akidondoka kutoka kimo cha mita 1, ana chini ya nusu sekunde, na hapo hakuna muda wa kukumbuka zamu ya kiungo gani. Kwa hiyo mimi naegemea judo, kwa sababu ya ule urudiaji wake unaochosha, unaohamisha somo kutoka kichwani hadi kwenye misuli.

Hata hivyo, si kila cha mkekani kinafaa barabarani. Kile kibao cha kiganja, kwenye lami, kitakuchuna ngozi na pengine kukuvunja mkono. Chukua kubingirika, kibao waachie wenyewe. Na kuna jambo ambalo judo haiwezi kulijua, kwa kuwa mchezaji wake hana chombo. Fundi mmoja wa baiskeli mtaani kwetu aliniambia, spoki mdomoni, "Ukilala ubavu, mwanangu, usiuachie usukani." Nilidhani anaihurumia baiskeli. Kumbe mkono ulioshika usukani hauwezi kunyooka kuitafuta ardhi. Ukirushwa mbele juu ya usukani, hapo ndipo uachie, uviringe mgongo, kidevu kifuani.

Nisije nikauza dawa ya kila ugonjwa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi na bingwa mara 4 wa Tour de France, alikuwa akikagua njia ya mashindano huko Roanne, Ufaransa, Juni 2019. Alitoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi, upepo ukaliyumbisha gurudumu la mbele, akaubamiza ukuta kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Paja, kiwiko na mbavu vilivunjika. Mbele ya ukuta, hakuna ukemi.

Lakini maanguko yetu mengi si ya kuta. Ni ya mchanga kwenye kona, shimo lililofichwa na maji, mbuzi aliyebadili nia. Tafuta uwanja wenye nyasi, piga magoti, jibingirishe kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili, kulia kisha kushoto. Baiskeli iache nyumbani kwanza.