Leza Nyekundu na Leza ya Kijani: Historia Fupi ya Rangi Mbili

Wasomaji wetu wengi, hasa wanaofundisha kwa projekta, wanazifahamu kalamu za leza zinazotumiwa kuelekezea maandishi ukutani. Zipo za nukta nyekundu na zipo za nukta ya kijani. Aghalabu hudhaniwa kuwa zinatofautiana kwa rangi tu, kama kalamu za wino. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia yake inasema vingine, na kwamba tofauti hiyo inagusa usalama wa macho yetu.

Msingi wa leza uliwekwa na Albert Einstein mwaka 1917. Alieleza kuwa atomu iliyojazwa nishati, ikipitiwa na mwanga wa rangi inayoiafiki, huchochewa kutoa mwanga wa rangi ile ile. Nadharia hii ilikaa miaka 43 kabla ya kuzaa chombo. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman alimulika fimbo ya yakuti nyekundu kwa taa kali ya mmweko, akapata leza ya kwanza. Rangi yake ilikuwa nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694. Mwaka 1962 Nick Holonyak, wa kampuni ya General Electric, alipata mwanga mwekundu wa leza kutoka kipande kidogo cha semikondakta. Kalamu nyekundu ya leo inafuata njia hiyo: umeme wa betri hupita katika diodi, na wekundu hutoka moja kwa moja.

Kwa upande wa kijani, William Bridges alikwisha kuipata mwaka 1964 kwa kutumia gesi ya agoni, lakini mtambo wake ulihitaji umeme mwingi. Kwa miaka mingi haikuwapo diodi ya kutoa kijani. Ufumbuzi ulitokana na jaribio la Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1961. Walipitisha mwanga wa leza katika fuwele ya kwazi, na sehemu ndogo yake ikatoka ikiwa na nusu ya urefu wa wimbi. Inasimuliwa kuwa nukta iliyothibitisha ugunduzi huo ilifutwa kwenye picha kabla ya kuchapishwa, kwa kudhaniwa ni uchafu.

Kalamu nyingi za kijani hufanya kazi kwa hatua hizo. Diodi hutoa mwanga usioonekana wa nanomita 808. Fuwele ya kwanza huubadili kuwa wa nanomita 1064, nao hauonekani. Fuwele ya pili huukata nusu, ukawa kijani cha nanomita 532. Jicho la mwanadamu huiona rangi hii kwa wepesi zaidi: kwa nguvu ile ile, kijani hiki huonekana kung'aa karibu mara nane kuliko wekundu wa nanomita 650.

Hapa ndipo penye hatari. Mwanga usioonekana sharti uzuiwe na kichujio ndani ya kalamu. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walieleza kuhusu kalamu moja ya bei nafuu iliyotoa mwanga usioonekana mwingi kuliko kijani chenyewe. Jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona. Hivyo huweza kuumia bila mwenyewe kujua. Diodi za kutoa kijani moja kwa moja zilitangazwa mwaka 2009, lakini kalamu za njia ya zamani zingalipo madukani.

Wanafunzi wa sarufi hawataona ajabu. Kiswahili kina mzizi -ekundu unaopokea viambishi vya ngeli: mwanga mwekundu, kitambaa chekundu. Kijani hatuna mzizi wake. Tumeipata kwa kupitia jani, tukasema mwanga wa kijani. Wekundu huja moja kwa moja, kijani huja kwa kuzunguka.

Kwa hiyo tunawasihi walimu wenzetu: kalamu ya leza, ya rangi yoyote, ielekezwe ukutani, kamwe isielekezwe usoni pa mwanafunzi.